Mraba Uliopungukiwa na Kona

Nimeombwa nizungumzie milinganyo ya kipeo cha pili. Wanafunzi wetu wa Tanzania hukutana nayo kidato cha pili, na watu wazima wengi humu ukumbini wanaikumbuka kwa kitu kimoja tu: kanuni ndefu yenye alama ya kipeuo katikati na 2a chini yake. Nina jambo moja la kusema juu ya kanuni hiyo. Ni kituo cha mwisho cha safari nzuri sana, na sisi walimu tumezoea kuwafikisha watoto kituoni wakiwa usingizini.

Mimi mwenyewe nilifikishwa hivyo. Mwalimu wangu aliiandika kanuni ubaoni, akaizungushia chaki ya rangi, akatuambia ikifika Jumatatu kila mtu awe anaisema bila kutazama daftari. Nikaikariri njiani kwenda kuteka maji na njiani kurudi. Alama nilizipata. Lakini nilikuja kujua ile b² ilitoka wapi baada ya miaka mingi, nikiwa nimeshaanza kushika chaki na kuwakaririsha wengine.

Aliyenizindua ni binti mmoja wa kidato cha pili. Alinifuata mezani baada ya kipindi na swali alilokwisha kulifanya: bustani ya mchicha ina urefu unaozidi upana kwa mita 10, na eneo lake ni mita za mraba 39, tafuta upana. Kazi yake ilikuwa safi. Alama za usawa zimepangwa moja chini ya nyingine, na mwishoni majibu mawili, 3 na −13, yote yamepigiwa mistari miwili kwa rula. Akaweka kidole chini ya −13, akaniuliza, "Mwalimu, bustani yenye upana wa hasi kumi na tatu, mchicha wake unapandwa wapi?" Nikamwambia achukue jibu lililo chanya aliache lile hasi. Akasema, "Asante, Mwalimu," akaondoka. Ile asante iliniuma kuliko kama angenibishia, kwa sababu nilijua sikumpa kitu.

Mhadhara huu ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Maneno tuliyo nayo tayari

Twende Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kati ya mwaka 813 na 833. Humo aliishi mwanachuoni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, na humo akaandika kitabu kinachoitwa al-Kitab al-mukhtasar fi hisab al-jabr wal-muqabala. Msemaji wa Kiswahili akilisikiliza jina hilo polepole, karibu lote analielewa. Kitab ni kitabu. Mukhtasar ni muhtasari. Hisab ni hesabu, na ndilo lililotupa hisabati. Muqabala ni ndugu wa mkabala, vitu viwili vinavyotazamana uso kwa uso.

Limebaki al-jabr. Kwa Waarabu neno hilo lilitumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika, na huko Hispania, kwa muda mrefu, algebrista alikuwa mtu wa kuunga mifupa. Al-Khwarizmi akikuta x² = 40x − 4x², anaona kwamba zile 40x zimevunjika: zimepungukiwa 4x². Anazirudishia kilichopungua, na upande wa pili anauongezea kiasi kilekile ili usidhulumike. Anabaki na 5x² = 40x. Kurudisha kilichopungua, kwa haki ya pande zote mbili: hiyo ndiyo aljebra, na hata mzee asiyeingia darasani anaielewa.

Alama ya x hakuwa nayo, wala alama ya kujumlisha. Aliandika kwa maneno matupu. Namba isiyojulikana aliiita jidhr, yaani mzizi. Namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe aliiita mal, na hilo ni neno letu la mali. Namba za kawaida alizihesabu kwa dirhamu. Ule mlinganyo wa bustani ya mchicha, x² + 10x = 39, umo ndani ya kitabu chake: mali moja ikijumlishwa na mizizi yake kumi, zinapatikana dirhamu 39. Na sehemu kubwa ya mwisho ya kitabu inahusu mambo tunayoyajua majumbani mwetu, wasia na mirathi. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitafsiri kwa Kilatini akiwa Segovia, na Ulaya ikapata neno la aljebra. Jina la mwandishi lenyewe, likipita katika vinywa vya Walatini, likazaa neno algorithimu linalotajwa leo kila panapotajwa kompyuta.

Nayasema haya kwa sababu mtoto anayemaliza darasa la saba katika shule zetu za Kiswahili anayajua mraba, eneo, mzingo, nusu, sifuri na kipeuo cha pili. Mraba, nusu na sifuri vilitufikia kwa Kiarabu, lugha aliyoandikia al-Khwarizmi. Mtoto huyo akiingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inageuka Kiingereza, na maneno hayo anayavua mlangoni kama viatu. Mwaka mmoja baadaye anaambiwa akamilishe mraba, kwa lugha ambayo neno mraba ndani yake ni jipya kwake. Anaandika hatua. Mraba wenyewe hauoni.

Karatasi ya manila na mkasi

Sasa tuuone. Nimekuja na karatasi ya manila, mkasi na gundi, kama ninavyoingia navyo darasani.

Huu hapa ni mraba. Upande wake siujui, nauita x, kwa hiyo eneo lake ni x². Huu hapa ni mstatili: upande mmoja unalingana na mraba, yaani x, na upande wa pili ni 10. Eneo lake ni 10x. Vikiwekwa pamoja ni ile bustani, na tunaambiwa jumla ya eneo ni 39. Nikiviacha vilivyo, ubavu kwa ubavu, nina umbo refu lisilonisaidia, kwa sababu kipeuo cha pili nakijua cha mraba tu.

Kwa hiyo naukata mstatili katikati. Napata vipande viwili, kila kimoja upana 5 na urefu x. Kimoja nakibandika kuliani mwa mraba, cha pili nakibandika chini yake. Hapo huwa nanyamaza, nageuza karatasi darasa zima lione. Umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa, ila pale chini kuliani pana tundu. Nauliza, "Umbo hili limepungukiwa nini?" Mwanzo hawajibu, wanadhani ni swali la mtego. Kisha mmoja, mara nyingi yule wa dawati la nyuma asiyenyoosha mkono, anasema: "Kona."

Kona hiyo ina ukubwa gani? Kila mtu anaiona: 5 kwa 5, yaani 25. Tukiijaza, tumeongeza 25 upande huu, basi na upande wa pili tunaongeza 25. Thelathini na tisa na ishirini na tano ni 64. Mraba mkubwa una eneo 64, upande wake ni 8. Toa ule upana wa 5 tulioubandika, unabaki 3. Bustani ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 13, na 3 mara 13 ni 39.

Al-Khwarizmi alichora umbo hili hili kuthibitisha njia yake. Alichora na la pili, ambamo zile 10x zinakatwa vipande vinne vya upana wa mbili na nusu, kila kimoja kinabandikwa ubavu mmoja wa mraba, na zinabaki kona nne ndogo. Kila kona ni 6.25, zote nne 25. Darasa likielewa umbo la kwanza, wape la pili wakalifanye nyumbani.

Wala yeye hakuwa wa kwanza. Katika Makumbusho ya Uingereza mjini London kuna kibao cha udongo cha Babeli chenye namba 13901, ambacho umri wake unakaribia miaka 4,000. Swali lake la kwanza linajumlisha eneo la mraba na upande wake, na jumla ni robo tatu. Mwandishi anaagiza hivi: chukua 1, uivunje nusu, nusu uizidishe kwa nusu, upate robo, ijumlishe na ile robo tatu, upate 1, kipeuo chake ni 1, toa ile nusu, upande ni nusu. Vunja katikati, jaza kona, tafuta upande, toa ulichobandika. Mwandishi wa Babeli, mwanachuoni wa Baghdad na yule mtoto wa dawati la nyuma wamefanya kazi moja.

Na ile −13? Sasa naweza kumjibu yule binti. Tulipojaza kona tulipata kwamba x + 5, ikizidishwa kwa yenyewe, ni 64. Zipo namba mbili zenye sifa hiyo, 8 na −8. Ya kwanza inatoa 3, ya pili inatoa −13. Al-Khwarizmi aliandika 3 tu, kwa kuwa alikuwa anapima maumbo, na umbo halina upande hasi. Lakini huko India, mwaka 628, Brahmagupta alikuwa ameshaandika kanuni za namba hasi, akiziita madeni, na zile chanya akaziita mali. Hesabu inayokubali deni ina majibu mawili. Bustani haikubali deni. Kwa hiyo −13 ni jibu la haki la mlinganyo, na si jibu la swali la mchicha. Mwanafunzi anayejua tofauti hiyo ameshajifunza kwamba kila jibu lazima lirudishwe kwenye swali lilikotoka.

Waya wa banda la kuku

Wazazi wataniuliza hesabu hii ina kazi gani nje ya darasa. Tujenge banda la kuku la mstatili. Nina waya wa wavu mita 20, huo ndio mzingo. Nataka eneo la mita za mraba 21. Urefu na upana vikijumlishwa ni nusu ya mzingo, yaani 10. Natafuta namba mbili ambazo jumla yake ni 10 na zao lake ni 21.

Darasani tunawazoesha watoto kubahatisha: 1 na 9, hapana; 2 na 8, hapana; 3 na 7, ndiyo. Huko ndiko kutafuta vigawo, na ni zoezi zuri kwa namba zilizochaguliwa na mtunga mtihani. Fundi hachaguliwi namba. Akitaka eneo la 22, atabahatisha mpaka jua lizame.

Ipo njia isiyobahatisha. Namba mbili zenye jumla ya 10 lazima ziizunguke 5: moja imeizidi 5 kwa kiasi fulani, nyingine imepungua kwa kiasi hichohicho. Kiasi hicho tukiite d. Namba ni 5 + d na 5 − d, na zao lake ni 25 − d². Nataka 21, basi d² ni 4, d ni 2, na pande ni 7 na 3. Nikitaka 22, d² ni 3, d ni karibu 1.73, pande ni kama mita 6.73 na 3.27. Mwaka 2019 mwanahisabati wa Marekani Po-Shen Loh aliwahimiza walimu kuanza na wazo hili la wastani, na akaeleza wazi kwamba mizizi yake ni ya kale mno. Al-Khwarizmi naye analo swali hili katika kitabu chake, mali moja na 21 ni sawa na mizizi kumi, na humo aliyakubali majibu yote mawili, 3 na 7, kwa sababu yote ni chanya.

Ona tulichokipata bila kukitafuta. Zao ni 25 − d², na d² haiwezi kushuka chini ya sifuri. Kwa hiyo waya wa mita 20 hauzungushi mstatili wenye eneo linalozidi 25, na hiyo 25 unaipata pande zikilingana, banda likiwa mraba. Anayetaka 26 anaambiwa na hesabu kwamba waya hautoshi. Vitabu vyetu humwambia mwanafunzi kwamba ndani ya kipeuo pakiwa hasi hakuna jibu halisi, naye anaandika sentensi hiyo kama mtu anayeandika jina la mji asioujua. Mpe waya mkononi, ataijua hasi hiyo ina maana gani.

Mwitalia Girolamo Cardano, katika kitabu chake Ars Magna cha mwaka 1545, alijiuliza swali la aina hii: gawa 10 mafungu mawili ambayo zao lake ni 40. Hakuna banda la namna hiyo. Lakini akaendelea, akaandika 5 kujumlisha kipeuo cha −15, na 5 kutoa kipeuo cha −15, akaonyesha kwamba namba hizo za ajabu zikizidishana kweli zinatoa 40. Hapo ulianza kufunguka mlango wa namba changamano, ambazo leo zinatumika katika hesabu za mikondo ya umeme. Swali lisilo na jibu kwa fundi limekuwa zana ya mhandisi.

Kanuni inavyozaliwa

Sasa tumefika kituo cha mwisho, na safari hii tumefika tukiwa macho. Chukua mlinganyo wowote: ax² + bx + c = 0. Peleka c ng'ambo: ax² + bx = −c. Nataka kuujengea mraba. Kwa njia aliyoiacha Sridhara wa India, ambayo baadaye Bhaskara wa Pili aliinukuu, nazidisha kila kitu kwa 4a, ili nisisumbuliwe na sehemu:

4a²x² + 4abx = −4ac

Litazame kama karatasi ya manila. 4a²x² ni mraba wenye upande 2ax. 4abx ni vipande viwili vinavyolingana, kila kimoja 2ax kwa b. Kimoja kibandike kuliani, kingine chini. Umbo limepungukiwa nini? Kona. Kona hiyo ni ya b kwa b, yaani b². Ijaze pande zote mbili:

(2ax + b)² = b² − 4ac

Hii ndiyo b² niliyokuwa naikariri njiani na ndoo kichwani. Ni kipande cha karatasi cha kuzibia tundu. Kinachobaki ni kutafuta upande wa mraba, kutoa b tuliyoibandika, na kugawa kwa 2a:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) ÷ 2a

Kila alama humo ina kazi yake. Ile −b ni kutoa ulichobandika. Ile ± ni deni na mali ya Brahmagupta. Na b² − 4ac inakuambia mapema kama waya unatosha: ikiwa chanya kuna majibu mawili, ikiwa sifuri banda ni mraba na jibu ni moja, ikiwa hasi waya haufiki. Ijaribu kwa bustani: a ni 1, b ni 10, c ni −39. Mia moja na 156 ni 256, kipeuo chake 16. Hasi 10 ukijumlisha 16 ni 6, nusu yake 3. Hasi 10 ukitoa 16 ni −26, nusu yake −13. Mchicha na deni lake.

Ombi langu

Walimu wenzangu, najua muhtasari wa somo ni mrefu na madarasa yamejaa. Najua mtihani hauulizi kona ilikuwaje. Lakini nimefundisha kwa njia zote mbili, na nimeona kinachotokea mwezi mmoja baadaye. Aliyekariri akisahau alama moja, amepoteza kanuni yote, na hana pa kuitafuta. Aliyekata karatasi akisahau, anachora mraba pembeni mwa daftari, anabandika vipande viwili, anaitazama kona, na kanuni inarudi yenyewe. Kipindi kimoja cha manila kinaokoa vipindi vingi vya marudio.

Na kipindi hicho msione haya kukianza kwa Kiswahili. Semeni mraba, semeni kona, semeni kilichopungua, mpaka macho ya watoto yaone. Kisha wapeni maneno ya Kiingereza ya mtihani, nayo yatashika kwa sababu yatakuwa na kitu cha kushikia.

Wanafunzi, msione aibu kuuliza mchicha unapandwa wapi. Lile lilikuwa swali la hisabati bora kuliko mengi niliyowahi kuyatunga mimi. Jibu likikushangaza, usilipigie mistari kwa rula na kwenda zako. Muulize mwalimu, naye akishindwa, mpe muda, muulize tena.

Na wewe mwalimu utakayeingia darasani wiki ijayo na somo hili: kata mraba, kata mstatili, bandika vipande viwili, kisha uweke gundi mezani na unyamaze. Usiijaze ile kona wewe. Wasubiri.